Sura ya Tano: Vioo Vilivyoota Miiba

"Zunguka, Koplo! Nimeshanyunyiza."

Koplo Ida alirudisha mguu. Konstebo Happyness alikuwa ameinama mbele ya ofisi ya upelelezi, ndoo mkono mmoja, akirusha maji kwa kiganja juu ya vumbi la uwanja kabla ya kulifagia. Ida akapita kando ya ukuta ili asiache nyayo, akaingia kwa mkuu wake.

Inspekta Mudathir hakumkaribisha kiti.

"Mikumi kuna kesi ya vioo," alisema.

"Vya madirisha, afande?"

"Vya umeme wa jua. Kuna maabara pale, njia ya kwenda Kidodi, inaitwa Maabara ya Mwanga. Walikuwa wameandaa vioo vya kuwaonyesha wageni. Wageni hao ndio watakaoamua kama mradi uendelee au ufungwe. Jana Jumapili meneja anafungua chumba, anakuta vioo vimebadilika. Anasema vizuri vimeibwa, vikawekwa vibovu mahali pake. Fundi wao, Boniface, yuko mahabusu tangu jana."

"Amekiri?"

"Hajakiri. Lakini Jumamosi mlinzi alimwona akipanda bodaboda na boksi mikononi." Mudathir aligonga meza kwa kidole. "Kesho asubuhi analetwa hapa Kilosa mahakamani. Akishasomewa shitaka la wizi, hata akishinda kesi, kazi ile hataipata tena. Nataka leo nijue kama ni mwizi. Mtaalamu wao anashuka na treni kutoka Dodoma. Mchukue stesheni uende naye."

"Sawa, afande."

"Na Ida, jitahidi kusema."

"Sawa, afande."

Pale ofisini walimtania kwamba anahoji watu kwa kukaa kimya. Ilikuwa kweli. Mtu akikaa mbele ya Ida, ule ukimya humwelemea, mwishowe anaujaza mwenyewe.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Letisia, aliyeshuka stesheni ya treni ya umeme akiwa amekumbatia begi kifuani kama mtoto. Ida alimwamkia. Letisia aliitikia marahaba, akaingia garini, na swali lake la kwanza halikuhusu vioo.

"Boniface amekula?"

"Sijui, Daktari."

"Tupite tumnunulie kitu. Huyo akikasirika hali."

Walipokuwa barabarani Ida aliuliza, "Vioo hivyo vina nini hata mtu aviibe?"

"Paneli unazoziona juu ya mabati zimetengenezwa kwa silikoni, kwenye viwanda vyenye moto mkali. Sisi tunatumia kitu kinaitwa perovskaiti. Ni dawa ya majimaji. Unaipaka kwenye kioo, inakauka, inageuka fuwele nyeusi. Fuwele ndizo zinazokamata mwanga. Zikikua vizuri, kioo kinatoa umeme. Zikikua vibaya, umepaka rangi tu."

"Zinakua?"

"Zinakua, afande. Kama chumvi inavyoota kwenye sufuria ya maji ya bahari, ila hizi tunazilea." Alitazama nje, kwenye mkonge uliosimama mistari mistari. "Miaka yote hii nimekuwa natafuta namna ya kuzilea. Boniface ndiye mkono wangu. Hawezi kuviiba. Lakini najua polisi hamyapokei maneno ya namna hiyo."

Ida aliongeza mwendo.

Kwenye kituo cha Mikumi, Boniface alitolewa mahabusu bila viatu wala mkanda. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kucha zake zikiwa na madoa ya njano ya dawa. Alimwamkia Letisia kwanza. Letisia alimpa chapati alizonunua njiani. Akazishika bila kuzila.

"Daktari, vimekuwa rangi gani?"

"Bado sijaviona, Boni."

Ida aliketi mbele yake. "Boksi lilikuwa na nini?"

"Vifaranga, afande. Dada yangu anauza kuku sokoni Kilosa. Nilimpelekea."

"Mlinzi anasema vioo."

"Mlinzi alifungua boksi?"

Ida alinyamaza. Boniface akaendelea mwenyewe. "Jumamosi mchana nilipaka dawa. Nikaviegesha vioo kwenye vishikio vyake juu ya meza, nikawasha mashine ya kukausha hewa, nikafunga mlango. Ile dawa inakauka polepole mpaka jioni. Haitaki kuguswa, haitaki unyevu. Nikaondoka. Nikalala Kilosa kwa dada. Jana narudi na basi la kwanza, nakuta polisi getini."

"Ufunguo anao nani mwingine?"

"Daktari na mzee Octavian, meneja wetu. Mama Magdalena wa usafi hana, na tangu Ijumaa yuko msibani Msowero." Alikunja chapati, akaikunjua. "Jana nilipofika nilimwamkia mzee kama kawaida. Hakuitikia. Hapo ndipo nilipojua mambo ni makubwa."

Mwendesha bodaboda hakuwa mbali. Aliitwa Evance, akapatikana kijiweni karibu na stendi, amelala juu ya pikipiki yake kama kitandani.

"Lile boksi la Jumamosi lilikuwaje?" Ida aliuliza.

"La biskuti, afande. Limetobolewa matundu kila upande, unaweza kudhani limepigwa risasi. Tena jamaa alinifokea nisipite kwenye mashimo. Nikamwambia, kaka, mimi napeleka abiria, sipeleki bibi harusi."

"Lilikuwa zito?"

"Jepesi. Na lilikuwa linalia."

"Linalia?"

"Chi chi chi, njia nzima. Kwani hamjui? Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Ida alimpigia simu dada yake Boniface. Vifaranga walifika hai wote, na Boniface alikuwa hapo sokoni jioni ile, anakunywa chai. Ida alirudi garini.

"Vioo havihitaji kutobolewa matundu ya kupumulia," alimwambia Letisia.

"Basi ameokoka!"

"Bado, Daktari. Vifaranga wanaonyesha boksi halikuwa na vioo. Hawaonyeshi vioo vizuri viko wapi."

Meneja Octavian aliwangoja mlangoni mwa maabara. Alikuwa mzee wa heshima, mtu wa milimani aliyesomeshwa na misheni, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Aliitikia shikamoo ya Ida kwa sauti nzito, akawapeleka moja kwa moja kwenye chumba kikavu, kile cha kupakia dawa.

"Tazameni wenyewe. Ijumaa nilionyeshwa vya majaribio, vyeusi kama kahawa. Hivi ni vya nani?"

Vioo vilikuwa vimeegeshwa kwa mstari juu ya meza ya chuma, kuanzia mlangoni kwenda ukuta wa ndani. Vilikuwa vimefifia, vina mikwaruzo, na pembeni vimeingia unjano. Letisia aliviinamia kimoja kimoja. Ida aliona mabega yake yakishuka.

"Mzee," Ida alisema, "kati ya Jumamosi mchana na Jumapili asubuhi, nani aliingia humu?"

"Hakuna aliyevigusa vioo hivi. Mlango ulikuwa umefungwa. Mimi mwenyewe niliufungua Jumapili."

"Chumba kinafagiliwa na nani?"

"Boniface. Kwa mashine ya kuvuta vumbi."

"Humu ufagio hauingii," Letisia aliongeza bila kugeuka.

Ida alichuchumaa. Koridoni kulikuwa na vumbi jekundu la malori ya miwa yanayopita barabarani, limeingia chini ya mlango wa nje na kutanda mpaka ofisi ya meneja. Ndani ya chumba kikavu sakafu ya saruji ilikuwa safi. Lakini kwenye miguu ya meza, usawa wa ugoko wa mtu, kulikuwa na vitone vidogo vya udongo uliokauka. Vilikuwa vingi karibu na mlango, vichache ndani. Alivipiga picha kwa simu. Ukutani kulikuwa na kipimo cha unyevu, namba zake zikiwaka kijani.

"Hiki kinasemaje, Daktari?"

"Kwamba sasa hivi hewa ni kavu. Cha Jumamosi hakikumbuki. Kinaonyesha cha dakika hii tu." Letisia alisimama. "Wiki iliyopita walichoma miwa huko Kidodi. Majivu hufika mpaka hapa. Labda yaliingia."

"Majivu!" Octavian alicheka kwa uchungu. "Daktari, unamtetea mtu wako. Mimi mradi wangu unakufa."

Akaenda zake ofisini. Ida alimtazama Letisia.

"Kuna njia ya kujua kama hivi ni vioo vyenu vilivyoharibika, au ni vya mtu mwingine?"

"Ipo. Lakini utaniamini?"

"Nionyeshe."

Kompyuta ya Letisia ilikuwa sanduku jeusi chini ya meza, feni yake ikivuma kama mashine ya kusaga iliyo mbali.

"Siigi kioo kizima," alisema. "Naiga kipande kidogo kuliko punje ya ulezi. Naiambia kompyuta: dawa ni nzito kiasi hiki, joto hili, hewa kavu namna hii. Halafu naiacha. Simchorei mtu picha. Kila chembe inafuata sheria zake za asili: ikae wapi, imshike nani, imwache nani. Kompyuta inapiga hesabu ya chembe zote, hatua kwa hatua, na mimi natazama kinachoota."

Kioo cha kompyuta kilikuwa bluu kitupu. Nukta moja nyeupe ikajitokeza, kisha nyingine mbali nayo. Zikavimba, zikapata kona. Kila moja ilikuwa na upande iliopenda kukulia. Zilipokutana hazikupandana. Zilisimama mpaka kwa mpaka, kama mashamba ya majirani wasiogombana. Mwishowe kipande chote kilijaa mabamba mapana, kama matope ya mto Mkondoa yanapokauka baada ya mafuriko, ila hakuna ufa hata mmoja.

Ida alikuwa amesogea mpaka pua yake ilikaribia kioo.

"Rudia," alisema.

Letisia alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Kila mtu husema hivyo. Haya ndiyo yanayotokea hewa ikiwa kavu. Ndiyo yaliyopaswa kutokea Jumamosi."

"Nitajuaje kwamba mashine haisemi unachotaka wewe?"

Letisia hakukasirika. Alivuta kreti ya vioo vilivyoharibika zamani. "Nyuma ya kila kimoja tumebandika sababu yake. Chagua. Usinionyeshe nyuma."

Ida alichagua kimoja kutoka chini kabisa. Letisia alikiweka kwenye hadubini, akatazama vipande vyake vidogo, vimejaa kama uwele kwenye suke. Akabadilisha namba, akaiacha kompyuta ikikokotoa huku wakinywa chai. Walipomaliza, picha mbili zilikuwa zimekaa pamoja kama mapacha.

"Vumbi," alisema Letisia. "Kila chembe ya vumbi inakuwa mbegu. Mbegu zikizidi, fuwele zinabanana, zinadumaa."

Ida alikigeuza kioo. Nyuma kulikuwa kumebandikwa maneno mawili: majivu, miwa.

Alichagua kingine. Letisia alisema joto lilizidi. Ilikuwa hivyo. Ida alirudisha vioo vyote kwenye kreti, taratibu zaidi kuliko alivyovitoa.

"Sasa vya Jumamosi," alisema.

Chini ya hadubini vioo vya Jumamosi havikuwa na mabamba wala uwele. Vilikuwa na miiba mirefu iliyochomoza huku na huku kama majani ya mkonge, na kati ya miiba kulikuwa na mapengo matupu.

"Si majivu," Letisia alisema polepole. "Nilikosea. Huu ni unyevu."

Alijaribu unyevu wa kutoka juu, kama paa linavuja. Miiba ilienea kote sawasawa. Haikufanana. Akajaribu kutoka dirishani. Haikufanana. Akajaribu kutoka chini, upande mmoja. Kompyuta ilivuma. Mabamba mapana yalianza kuota vizuri, mpaka nusu ya kazi. Kisha, kwenye ukingo wa chini, miiba ikachomoza, ikapanda juu ikiyameza mabamba njiani. Letisia alisogeza picha ya hadubini kando yake.

Picha mbili zilifanana mwiba kwa mwiba.

"Yenyewe," alisema Letisia.

"Nielezee kama utakavyomweleza hakimu."

"Hivi ni vioo vyetu. Havikubadilishwa. Cha karibu na mlango kimeharibika zaidi, kinachofuata kimepungua, cha mwisho karibu kizima. Mtu akileta vibovu kutoka nje, visingefuata mpangilio wa chumba chetu. Unyevu ulitoka sakafuni, upande wa mlango. Na haukuwepo tangu mwanzo, kwa sababu mabamba mazuri yalishaanza. Uliingia dawa ikiwa imekauka nusu."

"Hiyo ni saa gani?"

"Alasiri. Si kabla."

"Alasiri Boniface alikuwa ndani ya basi," Ida alisema, "na vifaranga magotini."

Letisia alifunika uso kwa mikono. Alipoitoa, macho yalikuwa yamelowa, lakini aliuliza kama mtaalamu: "Maji ya sakafuni yametoka wapi? Hakuna bomba humu."

Ida alikuwa ameshasimama. Alikwenda ofisi ya meneja, akabisha. Octavian alikuwa anaongea na simu kuhusu wageni. Nyuma ya mlango wake uliegemea ufagio laini wa ndani, ncha zake zimeshikana kwa udongo uliokauka.

"Mzee, naomba niazime ufagio."

Octavian alipunga mkono bila kuangalia. Ida alichukua ufagio, akaenda koridoni, akaanza kufagia lile vumbi jekundu. Alifagia kwa nguvu. Vumbi lilipanda mpaka dari, likaingia ofisini, likatua juu ya mikunjo ya shati.

"We binti!" Octavian alitoka akikohoa, simu mkononi. "Ndivyo mnavyofundishwa huko polisi? Vumbi halifagiliwi kavu! Nyunyiza maji kwanza!"

Ida aliacha kufagia.

Letisia alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba kikavu. Alimtazama meneja, kisha miguu ya meza, kisha meneja tena.

"Mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Ulifagia humu?"

Octavian alishusha simu. Vumbi lilikuwa linashuka kati yao polepole.

"Wageni wanakuja," alisema. "Nilipita Jumamosi alasiri, nikachungulia. Sakafu ina mchanga. Magdalena yuko msibani, Boniface keshaondoka. Mama yangu, Mungu amrehemu, alitufundisha kwamba mgeni haingizwi kwenye nyumba isiyofagiwa, na nyumba haifagiliwi kavu. Nikachota maji kwenye bakuli. Maji ya kiganja tu, Daktari! Vioo sikuvigusa. Nilipita mbali navyo."

"Nilikuuliza nani aliingia," alisema Ida.

"Uliniuliza." Octavian alijipangusa vumbi begani, akaacha. "Nilidhani haihusu. Na niseme kweli, niliona haya. Meneja mzima kuinama na ufagio. Hata mke wangu sikumwambia. Asubuhi nakuta vioo vimekufa, sikufikiria maji. Nilifikiria mwizi. Mlinzi akasema boksi, nikaona ndiyo hiyo." Alimgeukia Letisia. "Inawezekana kweli? Maji ya kiganja?"

"Njoo uone."

Alimketisha kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, akaianza upya. Mzee alitazama nukta zikichomoza, mabamba yakipanuka na kukutana. Alitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu anayeona mtoto akisimama mara ya kwanza. Alikuwa ameusimamia mradi ule miaka yote na hakuwahi kuketi pale.

"Mungu wangu, Letisia. Hiki ndicho mlichokuwa mnafanya humu?"

"Ndicho."

"Na unaviona vyote? Hata visivyoonekana?"

"Kompyuta inaniigia, mzee. Mimi natazama tu."

Kisha miiba ikachomoza chini, ikaanza kupanda. Octavian alinyoosha mkono kuelekea kioo, kana kwamba angeweza kuizuia. Ilipomaliza, aliuliza kama wageni waambiwe wasije.

"Waje," alisema Letisia. "Tutawaonyesha vioo hivi hivi, na picha hii kando yake. Waone kwamba kikiharibika tunajua kwa nini. Boniface atapaka vingine."

"Kama atakubali kurudi," Octavian alisema, akachukua kofia yake.

Ida alimpigia Mudathir akiwa garini. Hakutumia maneno mengi. "Hakuna wizi, afande. Mlalamikaji anakuja kuondoa malalamiko. Ni maji ya kufagilia."

"Maji ya nini?"

"Kama ya Happyness, afande. Nitakueleza."

Kituoni, Octavian alitoa maelezo yake mbele ya askari wa zamu, yote, pamoja na bakuli na ufagio. Askari mmoja alianza kutabasamu, Ida akamtazama, akaacha. Kisha mlango wa ndani ukafunguliwa.

Boniface alitoka ameshika viatu mkononi. Alimwona Letisia, akamwona Ida, halafu akamwona meneja wake amesimama katikati ya chumba, shati jekundu kwa vumbi, kofia kifuani. Alisita kidogo tu.

"Shikamoo, mzee."

Octavian hakuitikia.

"Usiniamkie, Boniface. Subiri kwanza nikwambie nilichokifanya. Ni mimi niliyeviharibu vioo. Nilifagia. Nilinyunyiza maji nikafagia, halafu nikakuweka humu."

Boniface alimgeukia Letisia. Letisia alitikisa kichwa kukubali.

"Chumba kikavu?" aliuliza. "Ulinyunyiza maji kwenye chumba kikavu?"

"Ndiyo. Nisamehe, mwanangu."

Boniface alivaa kiatu kimoja. Akavaa cha pili, akafunga kamba, bila haraka. Akasimama, akanyoosha shati lake lililokunjamana.

"Nimekuamkia, mzee," alisema.

Octavian alishusha kofia kutoka kifuani. "Marahaba," alisema, na ikabidi airudie, kwa sababu ya kwanza haikutoka. "Marahaba, mwanangu."